Nimenunua ukoo wa mume wangu kwa yuro 48

Nyota mbili kati ya tano, na moja katika hizo ni ya fremu. Nasema mapema ili mwenye haraka aende zake.

Bidhaa yenyewe ni karatasi ya ukoo. Ukifika Toledo, ukatoka uwanja wa Zocodover kufuata njia inayokwenda kanisa kuu, utapita katikati ya maduka ya watalii yaliyobanana kama ya Biashara Street kwetu Mombasa. Tofauti ni kwamba badala ya leso yamejaa panga, visahani vya nakshi ya dhahabu, na mazapán, vile vitamutamu vyao vya lozi. Katika duka moja nilikuta kompyuta pembeni, printa kubwa, na ubao ukutani: tuambie jina lako la ukoo, tukupe asili yake, maana yake na nembo yake. Unataja jina, kijana anabonyeza, unakwenda kula aiskrimu, ukirudi babu zako wako tayari wameviringishwa na utepe mwekundu. Yuro 25 karatasi tupu, 48 ikiwa na fremu. Duka silitaji, maana baadaye niliona karatasi hiyohiyo, neno kwa neno, ikiuzwa Segovia. Mwenye duka anachapisha tu alichouziwa.

Nilichukua ya jina Medina. Si langu mimi. Hapa Hispania mwanamke akiolewa habadili jina; niliingia na jina la marehemu babangu na ndilo nitakalozikwa nalo. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, moja la upande wa baba na moja la upande wa mama, kwa hiyo mwanangu anaitwa Medina kisha jina la babangu, na walimu wake wanalitamka kama wametiwa mchanga mdomoni. Medina ni la mume wangu, na bavyaa alikuwa anatimiza miaka 70. Mzee aliye na kila kitu utampa nini? Nikasema nimpe babu zake.

Nilikuwa na sababu yangu nyingine. Mume wangu alipokuja Mombasa kuoa, baada ya kusilimu, shekhe alimwuliza kama atapenda kubadili jina. Akalitaja lote, akafika Medina. Shekhe akavua miwani. "Medina? Hilo usiliguse, bwana. Libaki." Mamangu, aliyekuwa amenuna wiki tatu kwa sababu ya mzungu huyu, akakunjuka uso palepale. Kufika magharibi Kibokoni yote ilishajua kwamba mkwe ni mtu wa Madina, na shangazi yangu mmoja akaongeza usharifu kwa ukarimu wake mwenyewe. Mume wangu hakuelewa kwa nini kila sinia anasukumiwa nyama ya paja. Mimi nilielewa, nikanyamaza. Miaka tisa nimenyamaza. Kwa hiyo nilipoiona ile kompyuta, nilitaka mtu wa tatu aseme.

Karatasi ni nene, ya rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zimeungua ungua kama barua iliyookolewa motoni. Ukiisogeza dirishani unaona hazikuungua: ni picha ya kuungua, na doa lililo kona ya kulia liko vilevile kona ya kushoto. Lakiri nyekundu chini ni plastiki. Ilibanduka ndani ya basi kabla hatujafika Madrid, nikaibandika tena kwa gundi ya mtoto. Katikati pana ngao yenye simba aliyesimama kwa miguu miwili, mnara, na juu taji. Halafu mistari kumi na mitano ya maandishi yenye mikia. Kwa ufupi inasema hivi: Medina maana yake ni mji, ni ukoo mmoja wa kale na wa heshima kubwa uliotoka milima ya Burgos, wanaume wake walipigana na Wamoro, yaani Waislamu waliotawala Hispania zamani, na kati yao alitoka Duke wa Medina Sidonia aliyeongoza Armada, lile kundi la meli za vita, mwaka 1588.

Bavyaa alivaa miwani akaisomea meza nzima kwa sauti ya padri. Alipofika kwenye taji alicheka mpaka akapaliwa na divai yake. "Babu yangu alikuwa na nyumbu mmoja," akasema, "na huyo mmoja alikuwa wa kukodi."

Hapo ndipo nilipoanza kuichunguza, si kwa hasira, ila yuro 48 ni yuro 48.

Duke ndiye rahisi kumwangusha. Aliyeongoza meli za mfalme Felipe wa Pili dhidi ya Uingereza mwaka 1588 aliitwa Alonso Pérez de Guzmán. Ukoo wake ni Guzmán. Medina Sidonia ni mji ulioko Cádiz, kusini kabisa, na udukе wake ni cheo kilichotokana na mji huo. Ni sawa na kusema ukoo wa Sultani wa Zanzibar ulikuwa unaitwa Zanzibar, Albusaidi tumwondoe. Na hata angekuwa wao, mtu mwenyewe hakuitaka kazi ile; alimwandikia mfalme kumwomba amwache, akataja kwamba baharini huumwa. Bavyaa alipenda kipande hicho kuliko vyote, kwa sababu yeye pia hutapika kwenye mashua.

La kupigana na Wamoro nalo lina uchekeshaji wake, maana jina wanalopigana nalo ni la hao Wamoro. Waislamu waliingia rasi ile ya Hispania mwaka 711, na Granada, ya mwisho kuanguka, ilitekwa 1492. Miji waliyoiita *madina* ilipochukuliwa na wafalme wa Kikristo, misikiti iligeuzwa makanisa, lakini jina lilibaki mdomoni mwa watu. Ndiyo maana hadi leo ramani ya Hispania imejaa Medina: Medina del Campo na Medina de Rioseco hapa kwetu Valladolid, Medina de Pomar kule Burgos, Medina Sidonia niliyoitaja, na Medinaceli katika mkoa wa Soria. Hiyo ya mwisho itamke polepole. Ni Madinat Salim. Mji wa Salim. Nilimwambia mume wangu kwamba kule kwetu ninawajua akina Salim kumi na wanne, wote bila mji.

Maana ya jina, basi, karatasi imepatia: ni mji. Nyota yangu ya pili ni ya mstari huo mmoja. Lakini mtu anayechapisha asili ya jina kwa pesa angeweza kusema zaidi, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu. *Madina* ni mji wowote. Madina ya Mtume, iliyokuwa ikiitwa Yathrib, ilipata jina hilo kwa sababu ilikuwa Mji wa Mtume, ndio Mji wenyewe. Medina ya Hispania na Madina ya Uarabuni ni neno moja lililotumiwa mara mbili, kama Mto na Mto. Hakuna aliyetoka huko kuja huku. Na sisi tunalo neno hilo nyumbani, tumelivisha nguo nyingine: utamaduni. Limetoka *tamaddun*, nalo limezaliwa shina moja na madina, yaani mambo ya watu wa mji. Kwa hiyo kila tunaposema utamaduni wetu tunamtaja Medina bila kujua.

Niliishi hapa mwaka mzima kabla sijazinduka na hili. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja alikuwa akimsengenya jirani yake, akasema *fulano* kaja, *fulano* kaondoka. Nikageuka. Fulani! Baada ya hapo nikawa nawindawinda. Meya wao ni *alcalde*, na huyo ni al-kadhi aliyehamia ofisi nyingine. Pia ni jina la ukoo, Alcalde, wapo. Mateka wanamwita *rehén*, sisi rahani tumeibakiza kwa mali. Zeituni ni *aceituna*, zafarani ni *azafrán*. Mamangu nikimpigia simu humwambia neno jipya kila Ijumaa, naye hujibu, "Si nilikwambia ni watu wetu."

Sasa kosa kubwa, lile lililoninyima usingizi kidogo: "ukoo mmoja".

Jina lililotokana na mji hupewa nani? Ndani ya mji wenyewe halina kazi. Hakuna Mombasa mtu anayeitwa Mtu wa Mombasa. Ni mpaka aende Lamu au Unguja ndipo watu waseme, yule wa Mombasa. Sisi tunao Wabarawa, na waliitwa hivyo walipokuwa wamekwisha kuiacha Barawa. Vivyo hivyo Medina. Fundi viatu akitoka Medina del Campo akahamia kijiji cha siku mbili kwa miguu, wanakijiji wanamwita Juan wa Medina. Kule kusini mwingine ametoka Medina Sidonia, naye ni Pedro wa Medina. Hawajuani, hawana babu mmoja, hata mji si mmoja. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wawili waliondoka. Wakina bavyaa ni wa kijiji kimoja cha Palencia, na hilo linaingia akilini: ni mwendo wa kutosha kutoka Rioseco au Campo kwa mtu kuitwa kwa alikotoka. Majina ya -ez nayo ni hivyohivyo, hayana ukoo mmoja. Hiyo -ez ni "bin" yao: Pérez ni bin Pedro, Sánchez ni bin Sancho, Rodríguez ni bin Rodrigo. Uniambie akina bin Ali wote ni watoto wa Ali mmoja.

Na zamani hata ndani ya nyumba moja majina hayakuwa na nidhamu. Katika karne ya 16 ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, huyu la baba, huyu la mama, huyu la bibi mwenye shamba ili amrithishe. Mtindo wa mawili yaliyopangwa umekaa sawa baadaye kabisa, na masjala ya serikali ya kuandikisha vizazi ilianza 1871. Kabla ya hapo ni daftari la ubatizo na mwandiko wa padri, awe na usingizi au hana.

Wengine walilibeba Medina mbali zaidi. Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 waliondoka na majina ya miji yao. Solomon de Medina, mfanyabiashara, alikuwa Myahudi wa kwanza kutunukiwa cheo cha "Sir" Uingereza, mwaka 1700. Na kazini kwangu ninaye mwenzangu Mfilipino ambaye pia ni Medina. Nilipompigia picha ile karatasi nikamtumia, alinijibu kwa kicheko kirefu cha maandishi. Kwao, mwaka 1849, gavana Narciso Clavería aliagiza watu wapewe majina kutoka kitabu kimoja kikubwa cha majina yaliyopangwa kwa alfabeti, ili ukusanyaji wa kodi uwe rahisi. Viko vijiji ambako kitabu kilifunguliwa ukurasa mmoja na karibu kila nyumba ikapata jina la herufi ileile. Hana tone la damu ya Kastilia. Ana simba yuleyule wa yuro 48.

Na ngao? Nembo hazikuwa za majina. Zilipewa mtu fulani na kizazi chake, na Medina aliyepewa ngao haimfanyi Medina wa mtaa wa pili kuwa nayo. Hapa lakini niwe mwadilifu. Sisi watu wa pwani tusicheke sana. Nani kwetu hakuambiwa utotoni kwamba babu yake alitoka Shirazi kwa majahazi saba? Kila nyumba ilikuwa jahazi la mbele. Tofauti ni kwamba sisi tulijipa bure.

Miezi miwili baadaye dada yangu alikuja kunitembelea, nikampeleka Toledo, na miguu ikatupitisha palepale. Kijana yuleyule. Nilimweleza habari ya duke kwa upole. Akasema maandishi yanatoka kwenye programu, yeye hawezi kuyabadilisha, na bidhaa ya jina hairudishwi kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili yangu. Imetengenezwa kwa ajili yangu! Dada yangu, asiyejua Kihispania hata kidogo, akataka jina letu litafutwe. Kijana akaandika, kompyuta ikafikiri, ikasema hakuna. Akatupa orodha ya majina yanayokaribiana nalo, tuchague. Yaani unaweza kuazima.

Ndipo nikamwambia aandike Expósito.

Kwa msiojua: Expósito ni "aliyewekwa nje". Ndilo jina walilokuwa wakipewa watoto wachanga waliokutwa mlangoni pa kanisa au kwenye kitundu cha nyumba ya mayatima, watoto ambao hakuna aliyejua baba wala mama. Likawa jina la ukoo, wapo wengi tu hadi leo, na ni watu kama watu. Lakini kama kuna jina moja katika lugha nzima linalosema waziwazi "sijui nilikotoka", ni hilo. Kompyuta haikusita. Ikatoa ngao ya rangi mbili, ndege mweusi, taji lilelile, na chini yake: ukoo wa kale na wa heshima kubwa. Nilimtazama kijana, naye akaitazama skrini kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mama yangu mzazi ni Expósito." Hakutaka nilipie kuichapisha. Nami sikutaka ichapishwe. Tulinunua mazapán kwake, boksi mbili, nzuri sana. Hizo zina nyota tano na nimeziandikia mahali pake.

Kama unataka kujua habari ya jina la Kihispania, ziko huduma mbili ambazo ningeziita duka bora, isipokuwa haziuzi kitu. Ya kwanza ni tovuti ya INE, taasisi yao ya takwimu. Unaandika jina la ukoo, inakuonyesha linabebwa na watu wangapi na katika mikoa ipi. Haikupi simba. García ndio wanaoongoza, zaidi ya watu milioni 1.4 kwa jina la kwanza la ukoo pekee. Langu sikulikuta; nadhani mwanangu na mimi hatutoshi.

Ya pili ni PARES, lango la hifadhi za nyaraka za taifa, ambako kurasa zilizopigwa picha unazisoma ukiwa na kaptula nyumbani. Na kwa kuwa naishi Valladolid, nilikwenda kwa miguu hadi hifadhi ya Real Chancillería, mahakama kuu ya Kastilia ya kaskazini tangu 1371 hadi 1834, jirani na jumba ambamo Isabel na Fernando walifunga ndoa mwaka 1469. Sikulipa hata senti. Mhudumu wa ukumbi, mama mmoja aliyekuwa akinong'ona hata nje mlangoni, ndiye aliyenifahamisha biashara ya uungwana. Mwungwana wao aliitwa *hidalgo*, kwa asili "mwana wa kitu", na faida yake kubwa ilikuwa kutolipa kodi fulani zilizowaelemea watu wa kawaida. Kwa hiyo halmashauri ya kijiji ikikuandika kwenye orodha ya walipaji, unakwenda Valladolid kushtaki, na mashahidi, na wazee wa kuapa kwamba babu yako hakulipa. Maelfu ya mafaili yale ni kesi za kodi. Akina Medina wamo, tena kutoka vijiji vingi. Wa kijiji cha bavyaa sikuwaona.

"Jaribu Ensenada," akaninong'oneza.

Hiyo ni sensa ya mali iliyoanza karibu 1750, ya Markizi wa Ensenada, waziri wa mfalme. Kila mji na kijiji cha Kastilia kiliulizwa maswali 40: ardhi kiasi gani, mifugo, vinu, padri wangapi, maskini wangapi. Majibu yake yako PARES. Nilimkalisha bavyaa mbele ya kompyuta Jumapili baada ya chakula. Mwandiko ni wa kamba, lakini yeye alisoma kwa mapadri, akazoea baada ya nusu saa. Alipita maswali ya ardhi haraka. Kwenye swali la 35, vibarua ni wangapi na hulipwa kiasi gani kwa siku, alisimama. Akalisoma mara tatu. Akahesabu kwa vidole. Kisha akauliza kama naweza kumchapishia ukurasa huo, huo tu.

Fremu ni ya msonobari halisi, sentimita 30 kwa 40, kioo chake ni kioo na si plastiki, na msumari wake umeshika tangu Machi. Ukurasa wa swali la 35 umo ndani yake, sebuleni kwao, juu ya redio. Ulikuwa mwembamba, ukawa unacheza, ikabidi tuurudishie simba kwa nyuma.